Piki, pembe na kidole gumba cha Mjomba

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine mmeniuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata imefika wapi. Ipo njiani, msiwe na wasiwasi. Leo naomba ruhusa nitoke nje ya mada. Nataka kuandika juu ya kitu kidogo ambacho kimenikalisha Ikutha siku tisa, wakati nilikuwa nimepanga tatu tu. Kitu chenyewe ni piki ya gitaa.

Kwa asiyejua, piki ni kile kipande chembamba ambacho mpiga gitaa hushika kati ya kidole gumba na cha shahada ili kugonga nyuzi. Kule pwani, wapiga udi wana yao ndefu wanayoiita risha, neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya, kwa sababu zamani ulikuwa unyoya kweli, wa tai au ndege mwingine mkubwa. Siku hizi nyingi ni za plastiki.

Na kwa asiyeijua Ikutha: iko kusini mwa Kaunti ya Kitui. Ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi, unakata kushoto, unavuka mto Athi, na muda si mrefu umefika. Ukiendelea mbele utafika Mutomo, halafu Kitui mjini. Upande wa kusini ni mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni nchi kavu, ya mibuyu, mbuzi na mitungi ya maji ya njano iliyopangwa foleni. Ndiko alikozaliwa mama yangu, na ndiko anakoishi kaka yake, yaani Mjomba.

Mjomba alikuwa mpiga solo. Bendi yake haikupata kutoa hata santuri moja, lakini kwenye harusi na harambee za upande ule alijulikana. Alipenda sana nyimbo za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na nadhani mpaka leo bado anaomboleza kifo cha Kakai cha mwaka 1987 kana kwamba kilitokea juzi. Kama umewahi kusikiliza benga ya Kikamba unajua kazi ya solo ilivyo: gitaa linaimba juu kabisa, sauti kavu, noti moja moja zikikimbizana, na waimbaji wakinyamaza ndipo solo anapofunguliwa mlango. Kazi hiyo haitaki piki inayolegea. Inataka kitu kinachogonga uzi na kuuachia papo hapo.

Miezi kumi na minne iliyopita Mjomba alipatwa na kiharusi. Mguu umerudi vizuri, ulimi nao umerudi (na maneno yake makali pia!). Mkono wa kulia umerudi nusu. Anaweza kuinua kikombe, lakini ncha za vidole hazina hisia nzuri, na hawezi kubana kitu kidogo kwa muda.

Sasa, mwezi uliopita mama alinipigia simu nikiwa kwenye mkutano wa kazini. Familia ilikuwa imekaa. Madeni ya matibabu bado yapo, gitaa na amplifaya vimekaa tu vikila vumbi, na mtu mmoja wa Mutomo alikuwa tayari kuvinunua vyote kwa fedha taslimu. Angekuja siku ya soko, juma lililofuata. Mimi nasemaje? Nikasema, "Uzeni tu, Mama." Nikakata simu nikarudi kwenye mkutano. Sekunde kumi hazikuisha.

Jioni binamu yangu akaniambia kwamba Mjomba alipopewa jibu langu hakubisha. Aliuliza swali moja tu: je, bado ninayo ile piki aliyonipa?

Hapo nilinyamaza.

Nilipokuwa nakwenda Nairobi kuanza chuo, Mjomba alinipa piki aliyoitengeneza mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe. Rangi ya asali iliyokolea, na mistari myeusi kama moshi. Nilikuwa najifunza gitaa kwa fujo fujo wakati ule. Baadaye kompyuta ikanimeza, na piki nikaitupa kwenye droo pamoja na nyaya za chaja, mabetri yaliyokwisha na soksi moja ya sufu. Usiku ule niliitafuta. Nikaipata. Ilikuwa imetobolewa tobolewa na ukingo mmoja umeliwa wote.

Kumbe pembe ni keratini, sawa na kucha, nywele na sufu, na kuna wadudu wanaoishi kwa kula keratini tu. Porini Afrika kuna nondo ambao vibuu vyao hutoboa pembe za swala na nyati waliokufa. Mjini kuna vidudu vya mazulia. Kazini kwangu sisi hutania kwamba makosa ya programu ni wadudu. Hawa walikuwa wadudu kweli, na mlango niliwafungulia mimi.

Basi nikaomba likizo, nikapitia duka la vyombo vya muziki Nairobi, nikanunua piki za kila aina, nikapanda gari. Sikuwa na mpango wa kuzuia gitaa lisiuzwe. Nilitaka tu kwanza tuone kama Mjomba anaweza au hawezi. Mtu akikuletea programu iliyokwama, huiuzi kama chuma chakavu kabla ya kuiwasha.

KUCHAGUA

Tuliweka kiti chini ya mti, nikafungua simu kurekodi, na daftari la kuandikia. Kanuni ilikuwa ile ile ya kutafuta hitilafu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na andika ulichoona. Wimbo ulikuwa mmoja, kasi moja, na nilihesabu ni mara ngapi piki imeanguka. Usiku nilizipeleka rekodi kwenye Audacity (programu huria, bure kabisa) nione umbo la sauti. Haya ndiyo niliyojifunza, yawafae na wengine.

1. Unene. Piki hupimwa kwa milimita. Chini ya 0.6 ni nyembamba, hupinda; ni nzuri kwa kukwangua kodi zote za rithimu. Kuanzia 0.7 hadi 0.9 ni za katikati. Kuanzia 1.0 kwenda juu ni nene, haziyumbi, na wapiga solo wengi huzipenda. Kampuni ya Dunlop ina aina iitwayo Tortex, ya tangu 1981, ambayo unene wake unajulikana kwa rangi: nyekundu 0.50, machungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0, zambarau 1.14. Nilidhani nyembamba itamfaa mgonjwa kwa sababu ni laini. Nilikosea. Piki ikipinda, mkono haujui uzi uko wapi, na mtu hubana zaidi ili ajue. Nyekundu ilianguka mara kumi na moja katika wimbo mmoja. Bluu ilianguka mara sita.

2. Kitu ilichotengenezwa nacho. Piki bora za zamani huko Ulaya na Marekani zilitoka kwenye gamba la ng'amba, kasa yule yule wa pwani yetu. Gamba hilo lilikuwa bidhaa ya pwani ya Afrika Mashariki tangu zama za wafanyabiashara wa Kiyunani na Kirumi. Biashara hiyo ilimaliza kasa. Mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa sahihi 1973 na kuanza kazi 1975, ndio ulioifunga, na hapa Kenya kasa wanalindwa na sheria. Ukiona piki ya ng'amba inauzwa, usinunue. Baada ya gamba ikaja seluloidi, ambayo Luigi D'Andrea wa New York alianza kuikata kuwa piki mwaka 1922. Inalia vizuri, lakini hushika moto haraka kama karatasi, hivyo iweke mbali na jiko. Kisha nailoni na plastiki nyingine ngumu. Chuma nacho kipo: Brian May wa Queen hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita. Mjomba aliwahi kujaribu sarafu ya shilingi ujanani, akasema ililia vizuri na kumkatia nyuzi, na nyuzi Ikutha wakati ule ilikuwa mpaka upate mtu anayetoka Nairobi.

3. Ncha. Ncha kali hutoa sauti kali na haraka. Ncha ya mviringo hutoa sauti nene lakini huteleza polepole juu ya uzi. Kwa benga utataka kali, ila si kama sindano.

4. Kadi ya laini ya simu. Hii ni kwa wale wenzangu wasio na duka karibu. Kile kibao cha plastiki ambacho laini ya simu hukatwa kutoka kwake kina ukubwa wa kadi ya benki, na kiwango cha kimataifa cha kadi hizo ni unene wa milimita 0.76. Yaani karibu sawa na Tortex ya njano! Kata umbo la pembetatu yenye kona za mviringo, laini kingo kwa msasa, umepata piki. Huisha haraka, lakini ni bure. Vijana wawili wa jirani sasa wanazo.

Kufikia siku ya nne tulikuwa tumejaribu aina tisa. Niligundisha kipande cha tyubu ya baiskeli pande zote mbili za piki nene ili isiteleze. Ikasaidia: kutoka mara sita hadi mara tatu. Nikafurahi sana, nikamwonyesha Mjomba daftari. Akalitazama, akanirudishia.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe unahesabu inavyoanguka. Mimi nahesabu ninavyoogopa itaanguka."

Kweli. Nilipotazama rekodi tena, hata pale piki haikuanguka, noti zilikuwa zimebanwa, zote zina nguvu moja, kama mtu anayetembea akitazama miguu yake. Nilikuwa napima kitu kisicho sahihi. Wale wa kazi yangu mnajua uchungu wa jambo hilo.

BOMBA LA MAJI

Usiku ule nilikumbuka Unguja. Miaka iliyopita nilikaa kuwasikiliza wapiga taarabu Mji Mkongwe, ambako tangu 2002 kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kinachofundisha udi, kanuni na vingine. Mpiga kanuni habani piki hata kidogo. Anavaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, mmoja kila mkono, na piki imechomekwa ndani ya pete. Anaweza kulegeza mkono wote na piki haiendi popote.

Wapiga banjo na wapiga gitaa wa kantri nao wana piki ya kidole gumba, yenye pete na ulimi unaotokeza pembeni. Dukani Nairobi sikununua hata moja, kwa sababu sikuifikiria. Lakini nyuma ya nyumba ya Mjomba palikuwa na kipande cha paipu ya PVC, inchi moja, kilichobaki walipounganisha tangi la maji.

Nilifanya hivi. Nilikata pete ya upana wa sentimita moja na nusu, nikaipasua sehemu moja ili ifunguke, na upande mmoja nikauacha ulimi wa sentimita tatu hivi. Nikaiweka kwenye sufuria ya maji yanayotaka kuchemka. PVC huanza kulainika karibu nyuzi joto 80, kwa hiyo dakika moja au mbili zatosha. Nikaitoa kwa koleo, nikaizungusha kwenye mpini wa mwiko unaolingana na gumba la Mjomba, nikaishikilia ndani ya maji baridi mpaka ikagumu. Ulimi nikausugua kwa msasa mpaka ukawa karibu milimita moja kwenye ncha.

Onyo: usiilainishe juu ya moto wenyewe. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na mapafu. Maji ya moto tu.

Ya kwanza ilibana mno, gumba likawa jekundu, na mtu mwenye ganzi hawezi kukuambia kwamba inaumiza. Hilo lilinitisha. Ya pili ilikuwa pana. Ya tatu nikaitia ndani kipande cha tyubu, na kila baada ya dakika kumi tukaivua kutazama ngozi.

Mjomba akaivaa. Akapiga kodi moja. Akangoja. Akapiga tena. Halafu akaanza rithimu ya polepole, ile ya mwanzo kabisa ambayo alinifundisha mimi nikiwa darasa la sita. Haikuwa solo. Nisiwadanganye, solo haikurudi, na pengine haitarudi. Gumba peke yake halikimbii juu na chini kwa kasi ya benga. Lakini mkono ulikuwa umelegea. Alipiga kama dakika nne bila kuangalia chini, na shangazi akatoka jikoni akasimama mlangoni na kijiko mkononi.

Yule mtu wa Mutomo alikuja siku ya soko kama alivyoahidi. Alimkuta Mjomba anapiga. Alikuwa mtu mwenye adabu, alikaa akasikiliza, akanywa chai, kisha akauliza, "Sasa, Mzee, tunazungumzia vyote viwili au amplifaya tu?" Mjomba akanitazama mimi. Nikasema amplifaya tu, na deni lililobaki ni langu. Sikulisema kwa ushujaa wowote. Nilipaswa kulisema kwenye simu.

KUTUNZA

Ilibaki lile jambo la piki ya pembe. Jioni ya mwisho nilitoa mabaki yake mfukoni nikamwekea mkononi. "Mjomba, nisamehe. Sikuitunza."

Aliigeuza geuza, akaisogeza karibu na taa. "Umeiweka wapi?"

"Kwenye droo."

Akacheka. "Ya kwanza yangu nami ililiwa hivi hivi." Kisha akamtuma mtoto ndani amletee kopo. Nilikuwa nimeliona kopo lile tangu utoto: kopo la ugoro. Kila mara baada ya kupiga alikuwa anatumbukiza piki humo, na mimi nilidhani ni uchafu wa wazee tu. Kumbe! Nikotini ya tumbaku ni sumu ya wadudu. Hata wakulima waliwahi kuitumia kunyunyizia mimea. Ndani ya kopo palikuwa na piki mbili za pembe, za miaka mingi, nzima kabisa.

Basi kwa faida ya wote:

- Piki ya plastiki: ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uikaushe. Jasho na mafuta ya vidole ndiyo yanayoifanya iteleze. Usiiache juani ndani ya gari, itapinda.

- Nyuzi nene za chini zimezungushiwa waya, na waya huo ni tupa. Hula ukingo wa piki. Ukisikia mkwaruzo juu ya noti, tazama ukingo. Usugue kwa msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000, umalizie kwa kitambaa cha jinzi.

- Piki ya pembe: usiiloweke, itajikunja. Ipake tone la mafuta ya kula mara moja moja isikauke na kupasuka, uifute vizuri. Iweke kwenye kopo linalofunga, mbali na sufu na manyoya. Kama huna ugoro, itazame angalau kila mwezi.

- Piki ya kidole gumba kwa mtu asiye na hisia nzuri: ngozi kwanza, muziki baadaye. Ivue, tazama, vaa tena.

Siku ya kuondoka Mjomba alinipa moja kati ya zile mbili. Nilikataa, akaniambia nisimtie hasira mtu mwenye presha. Iko hapa mezani karibu na kibodi, ndani ya kopo, na ndiyo, nimenunua ugoro. Mke wangu analalamika juu ya harufu.

Mama amenipigia jana. Anasema Mjomba amewaita wale vijana wawili wenye piki za kadi, anawafundisha solo kwa mdomo huku yeye akishika rithimu. Anawagombeza sana. Nimemwambia hiyo ni dalili nzuri.

Juma lijalo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Kama una piki ya pembe kwenye droo mahali fulani, nenda kaitazame leo.